Enzi Kuu ya Mungu Wakati wa Msiba: Tunachoungama na Tusichokijua

Utangulizi

Hakuna mchungaji ambaye hajapata kusimama kando ya kaburi lililo wazi huku akitafuta neno la kusema. Mara nyingi neno limekwisha kusemwa kabla yake. Jirani aliyekuja kuhani msiba amelisema, mwenyekiti wa kijiji amelisema katika salamu za rambirambi, na wazee wa usharika wamelirudia: kazi ya Mungu haina makosa. Watu huitikia kwa kichwa, kisha mchanga hutupwa kaburini.

Usemi huu una ukweli ndani yake, nasi hatuna nia ya kuudharau. Umewasaidia watu wengi kusimama siku ambayo miguu ilikataa. Lakini tunajua pia kwamba usemi uleule umewafunga vinywa wajane waliotaka kulia, na umewaficha wenye hatia waliosababisha kifo. Zaidi ya hayo, umewafanya vijana kadhaa waulize kimoyomoyo kama Mungu anayeua mama wa watoto wadogo anastahili kuabudiwa. Ikiwa kazi ya Mungu haina makosa, na kifo hiki ni kazi ya Mungu, basi machozi yetu ni nini kama si uasi?

Katika miongo ya karibuni limesikika pia neno la upande wa pili. Kuna wahubiri wafundishao kwamba mwenye imani ya kweli hapatwi na ugonjwa wala umaskini, na kwamba ateswaye ana dhambi iliyofichika au imani haba. Fundisho la kwanza humwambia mfiwa anyamaze kwa kuwa Mungu ameamua. La pili humwambia ajilaumu kwa kuwa Mungu hakuamua hivyo. Yote mawili humwacha peke yake.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi Kanisa la Kilutheri linavyoungama enzi kuu ya Mungu wakati wa taabu. Tutaanza na maneno tunayoyatumia, kisha tutasikiliza Maandiko, mafundisho ya Martin Luther na vitabu vyetu vya ungamo, na mwisho tutaonyesha maana ya mambo hayo katika huduma ya mchungaji. Hoja yetu ni hii: enzi kuu ya Mungu ni ungamo la imani linalomshika Kristo; si maelezo ya sababu ya kila msiba.

1. Maneno tunayoyatumia

Lugha ya Kiswahili ina utajiri mkubwa wa maneno kuhusu jambo hili. Tunasema majaliwa, kudra, amri ya Mungu, mapenzi ya Mungu. Baadhi yake, kama kudra, yametoka katika Kiarabu na yamekua katika maisha ya watu wa pwani, ambao wengi wao ni Waislamu. Wakristo wameyapokea kama walivyoipokea lugha yenyewe, na si kazi yetu kuyafukuza. Kazi yetu ni kuuliza: mkristo asemapo "ni mapenzi ya Mungu", anamfikiria Mungu yupi?

Katika matumizi ya kila siku, maneno haya huelekea kumaanisha jambo lililokwisha kukatwa, ambalo haliwezi kuombewa wala kuzuiliwa. Mtu akisema "ni amri ya Mungu", mazungumzo hukoma. Lakini neno enzi lina maana iliyo hai zaidi. Mwenye enzi ni yule aketiye kitini na kutawala. Husikia kesi za watu wake, hutoa hukumu na kutetea wanyonge. Mjane aweza kwenda mbele ya mwenye enzi na kumlilia, jambo asiloweza kulifanya mbele ya ajali isiyo na sikio. Kwa hiyo kuungama enzi kuu ya Mungu hufungua kinywa cha mtu aliaye. Maandiko yanashuhudia hivyo, kama tutakavyoona sasa.

2. Ushuhuda wa Maandiko

Tuanze na Ayubu, kwa sababu ni yeye atajwaye zaidi mazishini. Maneno yake ya sura ya kwanza, kwamba Bwana ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa (Ayubu 1:21), yameingia katika ibada zetu za maziko. Ni vema yamo. Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, aliyeyasema ni mfiwa mwenyewe. Hakuna rafiki aliyekuja kumwambia Ayubu maneno hayo. Yalitoka katika moyo uliovunjika kama ungamo, wala hayakuletwa na mgeni kama ufafanuzi. Neno lililo imani kinywani mwa Ayubu laweza kuwa kofi kinywani mwa mwingine.

Pili, Ayubu hakuishia hapo. Katika sura ya tatu yeye huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa, na kwa sura nyingi zinazofuata anamshitaki Mungu mbele ya Mungu. Msomaji asomaye sura mbili za kwanza tu hupata Ayubu mtulivu. Asomaye kitabu chote hukutana na mtu anayegombana na Mungu kwa sababu amekataa kumwacha.

Tatu, mwishoni Bwana anawakasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa juu yake, kama alivyosema Ayubu (42:7). Hili ni jambo la kushangaza. Marafiki walikuwa wameitetea haki ya Mungu kwa hotuba nzuri zenye mantiki, na walikuwa na jibu kwa kila swali. Ayubu alikuwa na kilio tu. Hata hivyo Mungu alikithibitisha kilio na kuzikataa hotuba. Jambo bora walilolifanya marafiki hao lilikuwa kuketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno (2:13). Taabu ilianza walipofungua vinywa.

Kitabu cha Zaburi kinatufundisha vivyo hivyo. Sehemu kubwa yake ni maombolezo, na wengi wa waombolezaji humaliza kwa sifa. Lakini Zaburi ya 88 inakwisha gizani, bila neno la faraja. Kwamba Kanisa limeipokea zaburi hiyo kuwa Neno la Mungu ni ruhusa kwa kila mkristo ambaye leo hana sifa ya kumalizia. Nabii Habakuki naye anaanza kwa kuuliza Mungu atakaa kimya mpaka lini. Jibu analopewa linamtisha zaidi ya swali lake. Hata hivyo mwisho wa kitabu anaamua kumfurahia Mungu ingawa mizabibu haina matunda na zizi halina ng'ombe (Hab. 3:17-18). Furaha hiyo haikujengwa juu ya mavuno.

Habari ya Yusufu mara nyingi hutumiwa kuonyesha kwamba kila baya lina kusudi jema. Ni kweli kwamba Yusufu aliwaambia ndugu zake kuwa wao walikusudia mabaya na Mungu alikusudia mema (Mwanzo 50:20). Lakini tazama ni lini alisema, na ni nani aliyesema. Alisema baada ya miaka mingi, akitazama nyuma, na aliyesema ni yule aliyetupwa shimoni. Hakuna aliyesimama ukingoni mwa shimo siku ile akamhubiria kusudi la Mungu. Tena Yusufu hakufuta hatia ya ndugu zake. Aliliita kusudi lao baya.

Mitume walilishika fundisho hilohilo mbele ya msalaba. Katika Matendo 2:23 Petro anasema kwa sentensi moja kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, na kwamba waliomwua walikuwa na hatia. Upande mmoja haumezwi na mwingine. Hapo ndipo mahali pa kulijifunzia fundisho la enzi kuu, kwa kuwa ni hapo Mungu mwenyewe alipokuwa yule anayeteswa.

3. Mungu aliyejificha na Mungu aliyefunuliwa

Mwezi Aprili 1518 Luther alitetea hoja zake mjini Heidelberg, mbele ya ndugu wa shirika lake la Waagustino. Katika hoja ya 19 hadi ya 21 alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Mwanatheolojia wa utukufu hutazama mambo yaonekanayo duniani, nguvu, mafanikio na mpangilio, kisha hupanda kutoka hapo kumjua Mungu. Mwanatheolojia wa msalaba humtafuta Mungu pale Mungu alipotaka kupatikana, katika udhaifu na aibu ya Kristo aliyesulibiwa.

Tofauti hii inagusa moja kwa moja mambo ya msiba. Mwanatheolojia wa utukufu husoma mapenzi ya Mungu katika matukio. Mvua ikinyesha, Mungu amependezwa. Mtoto akifa, Mungu ana sababu, nasi tuitafute. Kwake historia ni kitabu kilicho wazi. Mwanatheolojia wa msalaba anakiri kwamba kitabu hicho hakisomeki. Anaamini kwamba Mungu yumo katika historia, lakini haoni uso wake humo, kama vile Musa alivyoonyeshwa mgongo tu (Kutoka 33:23).

Mwaka 1525, akimjibu Erasmus katika kitabu chake kuhusu utumwa wa nia, Luther aliendelea mbele zaidi. Alisema wazi kwamba Mungu hutenda mambo yote katika wote, na kwamba kuna mapenzi ya Mungu tusiyofunuliwa. Ndiye Mungu aliyejificha, Deus absconditus, ambaye nabii Isaya alimtaja (Isa. 45:15). Luther hakusema kwamba kuna Miungu wawili. Alisema kwamba Mungu katika ukuu wake usiovikwa Neno si shughuli yetu, wala hatuwezi kuchunguza ni kwa nini anatenda au anaacha. Shughuli yetu ni Mungu aliyevikwa Neno lake, aliyehubiriwa, ambaye katika Kristo huwalilia wanaopotea.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana fundisho hili limeeleweka vibaya mara nyingi. Wengine wamedhani Luther anatuambia kwamba nyuma ya Kristo yuko Mungu mwingine mkali ambaye ndiye wa kweli. Kusudi lake la kichungaji ni kinyume cha hilo. Anamwambia mwenye hofu: umkimbie Mungu usiyemjua, ukimbilie kwa Mungu uliyepewa. Usikae usiku kucha ukiuliza maamuzi ya siri. Shika ahadi iliyo wazi. Ndiyo maana mahali pengine, akiutumia Isaya 28:21, Luther alizitofautisha kazi za Mungu mbili: kazi yake ya kigeni, yaani kupiga na kushusha, na kazi yake hasa, yaani kuhuisha na kusamehe. Maombolezo 3:33 hushuhudia kwamba Mungu hatesi kwa kupenda moyoni mwake.

Mwishoni mwa kitabu hichohicho Luther alizungumzia nuru tatu. Katika nuru ya asili hatuwezi kueleza kwa nini mwema huteseka na mwovu hustawi. Katika nuru ya neema swali hilo hupata jibu, kwa kuwa kuna uzima baada ya huu. Lakini nuru ya neema yenyewe huacha maswali mengine, hasa jinsi Mungu awezavyo kumhukumu mtu ambaye kwa nguvu zake hawezi ila kutenda dhambi. Hayo yatajibiwa katika nuru ya utukufu, tutakapomwona uso kwa uso. Mchungaji asemaye "hatujui" mbele ya kaburi hakushindwa na theolojia yake. Anasema kwa usahihi mahali tulipo, kati ya nuru ya pili na ya tatu.

4. Ombi la tatu na asili ya uovu

Tukisema "mapenzi yako yatimizwe" mazishini, wengi husikia: tukubali yaliyotupata. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 haifundishi hivyo. Katika maelezo ya ombi la tatu, Luther anaeleza kwamba mapenzi ya Mungu hutimizwa anapovunja na kuzuia kila shauri ovu la Ibilisi, la ulimwengu na la mwili wetu, na anapotutia nguvu katika Neno lake na imani hadi mwisho wetu. Hayo tu ndiyo anayoyaita mapenzi ya Mungu ya rehema. Katika ombi hili mapenzi ya Mungu yamesimama upande mmoja, na uharibifu umesimama upande wa pili. Aombaye ombi la tatu kando ya kaburi hasemi kwamba kifo kimeshinda kwa idhini. Anaomba adui huyu wa mwisho avunjwe.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 19, linaongeza neno la lazima. Mungu huumba na kuutunza ulimwengu, lakini chanzo cha dhambi ni nia ya waovu, yaani Ibilisi na wasiomcha Mungu. Nayo Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, katika kifungu cha 11, inatofautisha kujua tangu awali na kuchagua. Mungu hujua mabaya kabla hayajatendeka, lakini kujua kwake si chanzo chake. Huyawekea mpaka na kipimo, yasipite pale anaporuhusu. Uchaguzi wa milele ni jambo jingine; unawahusu watoto wa Mungu, na unapaswa kutafutwa ndani ya Kristo peke yake.

Mafundisho haya yana uzito mkubwa katika nchi yetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa safarini kutoka Bukoba kwenda Mwanza, ilizama karibu na mwisho wa safari yake, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Katika misiba yote miwili chombo kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Baada ya ajali kama hizo tulisikia, na bado tunasikia baada ya kila basi lipindukalo, kwamba ni mipango ya Mungu.

Tukilisema neno hilo bila kupima, tunafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Tunamwekea Mungu mashitaka ambayo Ungamo letu limekataa kumwekea, na tunamwondolea mwanadamu mashitaka anayostahili. Mtu aliyejaza abiria kwa tamaa ya nauli hupata msamaha bila toba, tena kwa jina la Bwana. Na kwa kuwa hakuna aliyekosa, hakuna kinachorekebishwa, na msiba mwingine unajiandaa. Hatusemi kwamba ziwa lilitoka nje ya enzi ya Mungu siku ile. Tunasema kwamba Mungu mwenye enzi ndiye atakayeuliza habari za damu ya ndugu, kama alivyomwuliza Kaini.

Vivyo hivyo Bwana wetu alipoambiwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, alikataa kuupima msiba kwa dhambi za marehemu. Akaongeza mwenyewe habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, nao pia hawakuwa wabaya kuliko wengine (Luka 13:1-5). Hakutoa sababu ya kuanguka kwa mnara. Aliwageuza wasikilizaji wajiangalie wenyewe.

5. Imani na dawa: Wittenberg 1527

Swali jingine hufuata. Ikiwa Mungu anatawala yote, je, kujikinga na kutafuta tiba ni kukosa imani? Hapa tuna mfano wa Luther mwenyewe.

Mwezi Agosti 1527 tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala Johann wa Saxony akamwagiza Luther aondoke. Luther alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji, na nyumba yake ikawa mahali pa kuuguzia wagonjwa huku mke wake Katharina akiwa mjamzito. Wachungaji wa Breslau, kwa njia ya Johann Hess, walikuwa wamemwuliza kama ni halali kwa mkristo kuikimbia tauni. Jibu lake lilichapishwa mwaka huohuo.

Jibu hilo linapima mambo kwa busara. Wenye wajibu wa huduma, yaani wachungaji, viongozi wa mji, waganga na wote wenye jirani anayewategemea, wasiondoke. Asiye na wajibu huo, na ambaye kuondoka kwake hakumwachi mtu bila msaada, yu huru kwenda. Kisha Luther anawakemea wale wanaodharau dawa na kujichanganya na wagonjwa ili kuonyesha ujasiri. Hao, asema, wanamjaribu Mungu, na wakiwaambukiza wengine wana hatia ya maisha yao. Yeye mwenyewe atamwomba Mungu amlinde, kisha atafukiza nyumba, atatumia dawa na kuepuka mahali asipohitajika. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda.

Msingi wa jibu hili ni fundisho la kwamba Mungu hutawala kwa njia ya viumbe vyake. Katika maelezo ya kifungu cha kwanza cha Imani tunaungama kwamba Mungu ametupa mwili, chakula, nyumba na yote tunayoyahitaji. Hatupi vitu hivyo kutoka mawinguni. Hutupa kwa mkono wa mkulima, mama, daktari na mtawala. Luther aliwaita watu hao vinyago ambavyo nyuma yake Mungu hutenda kazi. Basi akataaye dawa kwa jina la imani anausukuma mbali mkono anaodai kuutumainia.

Kanisa letu lililijifunza jambo hili kwa uchungu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, katika eneo lenye Walutheri wengi. Palikuwapo sauti zilizosema upesi kwamba ni adhabu, na kwamba anayeugua ajiulize alichofanya. Sauti hizo zilimjibu mgonjwa swali ambalo Yesu alikataa kulijibu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu (Yohana 9:1-3). Wapo pia waliowaambia wagonjwa waache dawa kwa kuwa wameombewa, hata baada ya dawa za kufubaza makali ya virusi kuanza kutolewa na serikali mwaka 2004. Jirani aliyewaosha wagonjwa na kuwalea mayatima alikuwa karibu zaidi na Katekisimo kuliko wote hao.

Tuseme pia yaliyompata Luther baada ya tauni. Binti yake Elisabeth alizaliwa mwezi Desemba 1527, akafa mwezi Agosti 1528 kabla hajatimiza mwaka. Luther alimwandikia rafiki yake Nikolaus Hausmann kwamba hakujua kabla ya hapo jinsi moyo wa baba uwezavyo kuwa laini kwa mtoto wake. Mwaka 1542 binti mwingine, Magdalena, alifariki akiwa na umri wa miaka 13, na Luther alilia. Mtu yuleyule aliyeandika kwa nguvu nyingi kuhusu uwezo wote wa Mungu hakuona aibu kulia. Yesu naye alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua atakalolifanya (Yohana 11:35).

6. Mashahidi wawili

Martin Rinckart alikuwa mchungaji wa Eilenburg huko Saxony wakati wa Vita ya Miaka Thelathini. Mwaka 1637 tauni iliujaza mji uliokuwa umefurika wakimbizi. Wachungaji wengine walikufa au kuondoka, naye akabaki peke yake kuwazika watu wapatao 4,480, miongoni mwao mke wake. Ndiye mtunzi wa wimbo wa shukrani ambao Walutheri huuimba hata leo katika lugha nyingi. Tunapouimba katika sikukuu ya mavuno, tukumbuke kwamba mtunzi wake alijua pia njia ya makaburini.

Shahidi wa pili ni wa karibu nasi zaidi. Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus nchini Ethiopia, alifungwa zaidi ya mara moja chini ya utawala wa Derg. Rais Julius Nyerere alisaidia kumtafutia njia ya kuondoka nchini, lakini Gudina alikataa kuliacha kundi lake. Mwezi Julai 1979 alitekwa akitoka kanisani mjini Addis Ababa, akauawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1992. Mke wake, Tsehay Tolessa, alikaa gerezani takribani miaka kumi. Gudina hakubaki kwa kudhani kwamba kifo chake kimekwisha kuandikwa. Alibaki kwa sababu Kristo alikufa kwa ajili ya wote, hivyo maisha yake hayakuwa mali yake. Watawala wake walikuwa na bunduki na magereza. Yeye alimwungama mwenye enzi mwingine, na ungamo hilo lilimpa uhuru ambao watesi wake hawakuweza kuuelewa.

7. Maana yake katika huduma

Kutokana na haya tunawaletea watumishi wenzetu na wanafunzi wa theolojia mambo matano.

Kwanza, ukimya uje kabla ya neno. Mchungaji afikaye nyumbani kwa wafiwa na kuketi nao jamvini amekwisha kuhubiri. Asiharakishe kufungua Biblia ili kuikimbia hofu yake mwenyewe.

Pili, tuwaachie wafiwa ungamo lao. Ayubu aliungama mwenyewe. Mjane akisema kwamba Bwana ametwaa, tuitikie amina. Asiposema, tusimlazimishe. Tumpe zaburi ya maombolezo ili alie mbele za Mungu.

Tatu, tusitangaze sababu ya kifo ambayo hatukufunuliwa. Mwaka 1542 Luther aliandika maneno ya faraja kwa wanawake waliopatwa na taabu katika uzazi na kupoteza watoto kabla ya kubatizwa. Alikataza wasiogopeshwe, na akafundisha kwamba kuugua kwa mama mkristo ni sala ambayo Mungu ameisikia. Katika sharika zetu wapo akina mama walioambiwa kwamba mimba iliharibika kwa laana au kwa dhambi ya siri. Mchungaji anayo mamlaka ya kuiondoa hukumu hiyo, na asipoitumia amewaacha mikononi mwa waganga wa kienyeji na wahubiri wa barabarani.

Nne, penye kosa la mwanadamu, kosa litajwe. Si lazima litajwe katika mahubiri ya maziko, lakini Kanisa lisitoe msamaha kwa neno "mipango ya Mungu" kwa wale ambao Mungu anawaita watubu.

Tano, tuonyeshe mahali ambapo mapenzi ya Mungu yamefunuliwa. Hatujui kwa nini marehemu alikufa Jumanne ile barabarani. Tunajua alichoahidiwa siku ya ubatizo wake. Hatuwezi kusoma maamuzi ya siri, lakini mezani pa Bwana twasikia mwili na damu vikitolewa kwa ajili yetu. Mafundisho haya yaanze katika darasa la kipaimara, wakati wa amani, kwa kuwa mtu hawezi kujifunza kuogelea siku ambayo mtumbwi umepinduka.

Hitimisho

Je, tuendelee kusema kwamba kazi ya Mungu haina makosa? Twaweza, iwapo tunajua kazi ya Mungu ni ipi. Kazi yake hasa ni ile aliyoifanya Golgotha na katika kaburi lililoachwa wazi siku ya tatu. Juu ya kazi hiyo mtume Paulo aliweza kusema kwamba hakuna kitu kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu (Warumi 8:38-39). Hakusema kwamba hakuna kitu kitakachotuumiza; aliorodhesha dhiki, njaa na upanga kama mambo aliyoyajua. Sura tatu baadaye alikiri kwamba hukumu za Mungu hazichunguziki (11:33). Ahadi na siri zimekaa katika waraka mmoja, na mtume hakujaribu kuiondoa mojawapo.

Basi tusimamapo tena kando ya kaburi, tuseme tunachokijua na tunyamaze tusichokijua. Tumtaje Kristo aliyekufa na kufufuka, tuombe ombi la tatu kwa maana yake, na tuwaache watu walie. Mungu aliyeketi katika enzi ndiye atakayefuta kila chozi katika macho yao (Ufunuo 21:4), na machozi hayo anayajua yote.